Yupo Anayehudumiwa

Mwanangu Zainabu,

Mama yako ameshakuambia habari ya sweta, ya kutunza tiketi, ya kumpigia simu mama mdogo ukifika, na ya kutokula ovyo njiani. Ameshakuambia mara nne, na kesho asubuhi kabla basi la Arusha halijaondoka atakuambia mara ya tano. Kwa hiyo hayo mimi nayaacha. Nimejifungia chumbani tangu nilipotoka kuswali alasiri, nimechana karatasi kwenye daftari lako la zamani la kemia, nataka kukuandikia jambo ambalo sijawahi kukueleza lote. Unalijua nusu. Nusu unayoijua ndiyo inayonipa sifa.

Hapa mtaani wanasema binti wa Rajabu anakwenda chuo kusomea kompyuta kwa sababu amerithi kwa baba yake. Nikisikia hivyo nafurahi, siwezi kukudanganya. Juzi sokoni mzee mmoja alinishika mkono akanipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyefanya mtihani. Lakini ukienda Arusha ukidhani baba yako alianza kazi ile akiwa anaijua, siku utakapokosea utajiona huna asili yangu. Ndiyo maana naandika.

Ulipokuwa bado hujaanza shule, nilikuwa mtu wa redio ya upepo katika shirika moja la umma la usafirishaji. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba kidogo nyuma ya karakana na kusikiliza. Lori likikwama kwenye mlima wa Sekenke, dereva ananiita mimi. Mvua ikikata barabara, mimi ndiye ninayejua wa kwanza, nayaambia malori yaliyoko Ikungi yasubiri hapohapo. Lakini siku nyingi hakuna kinachotokea. Mtu akipita mlangoni ananiona nimekaa tu, masikio yamejaa mkwaruzo wa redio.

Wakati ule kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Sabuni tulizokuwa tukizipangia foleni zilijaa madukani, mitumba ilimwagwa sokoni, na mashirika yaliuzwa moja baada ya jingine. La kwetu nalo likauzwa. Wamiliki wapya wakaja na orodha ya majina, wakapita idara kwa idara. Walipofika mlangoni kwangu, kijana mmoja mstaarabu mwenye tai alimuuliza msimamizi wangu:

"Huyu anafanya nini?"

"Huyu yuko kwenye redio."

"Nauliza anafanya nini."

Msimamizi akaishia kunyoosha kidole kwenye redio. Yule kijana akavuta mstari kwenye karatasi, wakaenda mlango unaofuata. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, hatua mbili kutoka alipo. Kama angeniuliza mimi, ningemweleza kwa dakika moja. Sikuumia sana kwa kupunguzwa kazi, maana tulipunguzwa wengi. Niliumia kwa kukatwa na mtu asiyejua anakata nini.

Baba yako mkubwa Idi alinichukua kwenye biashara yake ya mitumba. Sote tulitoka kwa mfanyabiashara, babu yako alikuja Singida kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa Mnyaturu, akabaki. Wote waliomfuata wanajua kuuza isipokuwa mimi. Mteja akishika shati, mimi namwonyesha kifungo kilicholegea. Baada ya miezi minane Idi aliniambia kwa upole, "Mdogo wangu, wewe ni mwaminifu mno, utanifukuzia watu." Ndipo tukasikia hospitali inatafuta mtu anayejua kupiga chapa na kuelewa Kiingereza kidogo, maana wameletewa kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na hakuna wa kuzitunza.

Nilipelekwa Dodoma wiki tatu kujifunza. Niliporudi, alikuja fundi kutoka Dar es Salaam, akaziunganisha kompyuta tano: ya mapokezi, ya maabara, ya wodi ya wazazi, ya chumba cha dawa, na ya ofisi ya mganga mfawidhi. Zote akazifunga kwa nyaya kwenye kompyuta moja kubwa, ile seva, iliyowekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Akaniachia karatasi moja: kuwasha fanya hivi, kuzima fanya hivi. Akaondoka na basi la mchana.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu mkubwa, Zainabu. Madaktari walikuwa wananiita "mtaalamu". Nilikuwa natembea na kalamu mbili mfukoni.

Mwaka wa pili seva ikawa nzito. Mganga mfawidhi wa wakati ule, mtu mkali lakini mwenye haki, aliniita. "Mtaalamu, mgonjwa anakaa mapokezi mpaka anasinzia tukisubiri jina lake litokee. Fanya kitu." Nikamjibu, "Naam, daktari, niachie mimi." Sikujua nitafanya nini. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa mtaalamu, na neno sijui lilikuwa limeshapotea mdomoni mwangu.

Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikaanza kubonyeza huku na huku. Ndipo nilipoikuta orodha. Unaijua orodha hiyo, umeshaiona mara nyingi. Zile huduma ambazo seva ikiamka nazo zinaamka, zinakaa chini ya kila kitu, hazina dirisha, hazina kitufe, na zinaendelea kufanya kazi hata kama hakuna mtu aliyekaa mbele ya kioo. Mimi nilikuwa sijawahi kujua kwamba zipo. Nikahesabu zaidi ya ishirini. Pembeni ya kila moja imeandikwa kwamba inaendelea. Nikajisemea, ndiyo maana mashine imechoka, imebebeshwa mizigo hii yote ya bure.

Nikaanza kuzima. Sikuandika popote nilichozima. Jina nikilielewa, naliacha. Nisipolielewa, nazima.

Ya kwanza iliyonijibu ilinijibu palepale. Ilikuwa ile huduma ya majina, inayoziambia kompyuta nyingine seva iko wapi. Hazijapita dakika tano nikasikia mapokezi wanapiga kelele kwamba hawaioni seva, imepotea. Nikairudisha haraka, nikatoka nikicheka, nikawaambia nilikuwa najaribu kitu. Tukio hilo dogo liliniharibu. Lilinifundisha uongo kwamba ukizima kitu cha maana utajua mara moja, na kama hakuna aliyepiga kelele basi ulichozima kilikuwa takataka.

Mbali na hiyo niliyoirudisha, siku ile nilizima nne. Seva ikawa nyepesi kidogo. Mganga mfawidhi alinipongeza kwenye kikao mbele ya watu, na jioni nilikusimulia wewe na mama yako. Ulikuwa darasa la nne. Ukaniuliza, "Sasa zile ulizozima zilikuwa zinafanya nini?" Nikakujibu, "Hakuna." Hilo jibu nimekuwa nikilisikia kichwani miaka yote hii.

Moja kati ya zile nne ilikuwa huduma ya saa.

Kompyuta ya maabara, kama mtumba wowote, ilikuwa na kasoro yake. Ile betri yake ndogo ya ndani, ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa. Kwa hiyo umeme ukikatika, ikiwashwa tena inasahau leo ni lini, inajiona iko miaka mingi nyuma. Hatukuwahi kujua, kwa sababu kila ilipowashwa ilikuwa inaiuliza seva saa na tarehe, na ile huduma niliyoiona ya bure ndiyo iliyokuwa inajibu. Ilikuwa inamrekebisha mwenzake kila siku, kimya, bila kumwambia mtu.

Wiki mbili umeme haukukatika. Nikaona nimefanya jambo la akili. Wiki ya tatu ukakatika asubuhi nzima.

Siku hiyo wodi ya wazazi alikuwepo mama mmoja kutoka Kinyangiri, mke wa mfugaji, aliyekuja kujifungua mtoto wake wa nne. Alipofika juzi yake alipimwa wingi wa damu, ikawa kumi, si haba. Alijifungua salama alfajiri, lakini akaendelea kutoka damu polepole, mpaka Sista Paulina, muuguzi wa wodi, akampeleka apimwe tena mchana, baada ya umeme kurudi. Maabara alikuwa Bwana Mgana. Akapima, akapata tano. Akaandika kwenye rejista yake ya karatasi, akaingiza kwenye kompyuta kama kawaida, akaendelea na mgonjwa mwingine.

Kompyuta ya wodini ilikuwa imepangwa kuonyesha majibu mapya juu na ya zamani chini, kwa kufuata tarehe. Ile tano iliingia na tarehe ya miaka mingi nyuma. Ikaenda kukaa chini kabisa. Juu ikabaki kumi.

Daktari wa zamu akaja, akatazama kioo, akasema, "Damu yake inatosha. Apumzike, kesho aende nyumbani."

Sista Paulina alinisimulia baadaye yaliyofuata, nami nimeyashika neno kwa neno. Alimvuta yule mama kope ya chini, akaona nyeupe. Akamfungua kiganja, cheupe. Akamwambia daktari, "Daktari, huyu siye mtu mwenye damu kumi."

"Sista, majibu haya hapa."

"Nayaona. Na yeye namwona."

Hakusubiri kubishana. Alikwenda maabara kwa miguu, akafungua rejista ya karatasi, akaikuta tano. Shemeji yake yule mama, aliyemsindikiza, alitoa damu saa ileile, na Bwana Mgana mwenyewe akatoa. Akaongezewa damu, na kufika jioni mama yule alikuwa anauliza mtoto amenyonya au bado.

Sasa nakuja kwenye nusu usiyoijua.

Kesho yake nilikwenda maabara, maana hospitali nzima ilikuwa inazungumza habari ya majibu kupotea. Nikatazama pembe ya kioo, nikaona tarehe. Nilielewa palepale. Nikarudi stoo, nikafunga mlango, nikaiwasha ile huduma ya saa. Nikaziwasha na zile nyingine tatu. Nikarudi maabara nikaizima na kuiwasha ile kompyuta, tarehe ikaja sawa. Hakuna aliyeniona. Na sikumwambia mtu.

Lawama zikamwangukia Bwana Mgana. Alitakiwa kuandika barua ya kujieleza kwa nini aliingiza majibu ya mgonjwa kwa tarehe isiyo sahihi. Alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi ile na hakuwahi kuandikiwa barua ya namna hiyo. Mimi nilimwona akipita uwanjani kichwa kimeinama, nikajiambia watamsamehe, ni mtu wa siku nyingi. Siku ya pili ikapita. Ya tatu. Nikawa nachelewa kurudi nyumbani ili nisikae na mama yako, maana yeye hujua nikiwa na kitu.

Siku ya nne Bwana Mgana aliingia stoo kwangu na karatasi mkononi. Akasema, "Kaka Rajabu, nisaidie. Nimeandika hii barua kwa mkono lakini imekaa vibaya, nimefuta sana. Nipigie kwa mashine, pengine wataiona ya heshima."

Nikaipokea. Nikaanza kuipiga. Alikuwa ameandika kwamba haelewi ilivyotokea, ila kwa kuwa yeye ndiye aliyeingiza majibu, anakubali kwamba huenda alibonyeza vibaya kwa uchovu, na anaomba asamehewe kwa kuwa hakukusudia. Nilipofika kwenye neno uchovu nikaacha kupiga.

"Vipi, kaka? Mwandiko hausomeki?"

"Unasomeka."

"Sasa?"

"Hukubonyeza vibaya, Mgana. Ni mimi."

Nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza aliniuliza swali moja. "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia tangu siku ya pili. Akachukua karatasi yake kutoka mezani, akaikunja mara mbili, akatoka. Kosa la kuzima huduma angeweza kulielewa, Zainabu, hata yeye alishawahi kumwaga sampuli. Zile siku ndizo hakuzielewa. Hata mimi sizielewi.

Nikaenda kwa mganga mfawidhi kabla sijapata nafasi ya kubadili mawazo. Nikasema nimesimama, hata kiti sikukikubali. Alifunga faili alilokuwa anasoma. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile nilipokuita kwamba hujui, ningekutafutia mtu wa kukufundisha. Ungeniambia siku ya pili, ningekukaripia tu. Leo ni siku ya nne." Nikapewa onyo la maandishi, likakaa kwenye faili langu mpaka leo. Bwana Mgana akafutiwa barua yake mbele ya kikao kilekile nilichopongezwa, na mimi nikasimama kumwomba radhi mbele ya wote. Aliitikia kwa kichwa. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajaniita kaka tena, na alipohamia Iramba tuliagana vizuri, lakini urafiki ule wa mwanzo haukurudi wote.

Nilikwenda Kinyangiri pia. Mama yako ndiye aliyesema niende. Nilifika kwa yule mama, nikamkuta anapepeta mtama, mtoto mgongoni. Mumewe akaniwekea kigoda. Nikaeleza kwa Kiswahili chepesi, mume akawa anamtafsiria kwa Kinyiramba mama yake mzazi aliyekaa pembeni. Nilitegemea hasira. Yule mwenye mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa hiyo saa mmeiwasha?" Nikasema tumeiwasha. "Na mwingine hawezi kuizima?" Kweli mtu yeyote angeweza, na mimi mwenyewe nilikuwa mtu yeyote.

Njiani kurudi nililibeba swali lile. Nikamweleza mama yako. Unajua mama yako hajawahi kugusa kompyuta na hataki. Alikuwa anachambua mlenda, akasema bila kuinua kichwa:

"Wewe unasema zinaitwa huduma."

"Ndiyo."

"Kama ni huduma, basi yupo anayehudumiwa. Ni nani? Ungeanza kuuliza hilo."

Mke wangu hakwenda Dodoma wiki tatu. Lakini kila ninachokijua kuhusu seva nimekijenga juu ya sentensi ile. Kesho yake nilianza lile daftari la jalada jeusi unalolijua. Huduma moja, ukurasa mmoja. Jina lake. Inafanya nini, kwa maneno ambayo ningeweza kumwambia Sista Paulina. Inamtegemea nani ili iamke, maana nyingine haziwezi kusimama mpaka nyingine isimame kwanza. Na nani anaitegemea. Huyu wa mwisho sikumwandika kama kompyuta. Niliandika mtu: mapokezi, maabara, chumba cha dawa, mama aliyelala wodini. Ilinichukua karibu miaka miwili. Nilikuwa namwandikia barua yule fundi wa Dar es Salaam, anajibu mojamoja. Nilijifunza kwamba ile niliyoidhani ya kuchapisha tu ndiyo inayopanga foleni ili maabara na chumba cha dawa wasigombee mashine moja. Ile ya ratiba ndiyo inayoamsha kazi ya kunakili kumbukumbu zote kila siku wakati sisi tumeshaondoka, na mimi niliizima wiki tatu. Wiki tatu, mwanangu, hospitali nzima ilikaa bila nakala hata moja, na kwa bahati tu hakuna kilichoharibika. Hilo sikulikiri popote kwa sababu hakuna aliyeumia. Nalikiri kwako.

Na ziko ambazo kweli hazikuwa na mtu. Usije ukadhani nakuambia kila kitu ni kitakatifu. Nilikuta mbili tatu ambazo zilikuwa zinasubiri vifaa tusivyokuwa navyo, nikazizima, nikaandika tarehe na sababu, na seva ikapumua kihalali. Tofauti haikuwa kuzima au kutozima. Nilikuwa nimeshauliza.

Sasa nikueleze jambo linalonifanya niandike barua hii nikitabasamu.

Mwaka jana, ulipokuwa unasubiri majibu ya kidato cha sita, ulikuwa unakuja kunisaidia hospitalini, kisha mimi nikalala na malaria siku sita. Siku ya tatu seva ikaanza kugoma kwa kujaa. Mganga mfawidhi wa sasa ni mtu wa haraka, mzuri, lakini wa haraka. Wewe hukunisimulia yaliyotokea, uliniambia tu, "Tulikuwa na shida kidogo, imekwisha." Aliyenisimulia ni yeye, alipokuja kunijulia hali. Alivuta kiti karibu na kitanda changu akasema:

"Mzee Rajabu, binti yako amenikatalia."

Nikashtuka. "Amekuvunjia heshima?"

"Hapana. Amenipa shikamoo, kisha akanikatalia."

Akanieleza. Alikuwa ameona kwamba kinachojaza diski ni lile daftari la matukio, ile huduma inayoandika kila jambo linaloipata seva. Akakuambia uizime, inaandika tu maneno yasiyosomwa na mtu, wagonjwa wanasubiri. Nawe ukamwambia, "Samahani daktari, siwezi kuizima kabla sijajua kwa nini inaandika sana. Nipe nusu saa." Akakuambia yeye ndiye mkubwa hapa. Ukamwambia, "Ni kweli, daktari. Ndiyo maana nakuomba."

Nusu saa hiyo ulikaa ukaisoma. Ukakuta mashine ya kuchapisha ya chumba cha dawa ina karatasi iliyokwama tangu juzi, na huduma ya foleni inajaribu kuituma tena na tena na kulalamika kila mara, na malalamiko hayo ndiyo yaliyojaza diski. Ukaenda ukaichomoa ile karatasi kwa mkono. Kisha hukuishia hapo. Katikati ya malalamiko yale elfu uliona mistari michache ya namna nyingine, diski yenyewe ikisema kuna sehemu zake hazisomeki tena. Ukaichapisha ile mistari ukampelekea. Diski mpya ikafika wiki ileile, ya zamani ikafa siku chache baada ya kutolewa.

"Kama ningeizima," mganga mfawidhi aliniambia, "tungejua diski imekufa siku iliyokufa."

Nilimshukuru. Alipotoka niligeukia ukutani. Mama yako akaingia akadhani homa imepanda, akaleta kitambaa cha maji. Nilimwacha aniweke.

Zainabu, ulikuwa na miaka kumi na nane. Ulikuwa na mkubwa mbele yako, foleni ya wagonjwa mlangoni, na baba yako mgonjwa nyumbani asiyeweza kukuokoa. Ulikuwa na kila sababu niliyokuwa nayo mimi ya kusema "niachie mimi" na kuanza kuzima. Hukufanya hivyo. Ulisema hujui, ukaomba muda wa kujua. Mimi nilifika hapo kwa kumtesa mtu mwema na kumsogeza mama wa watu karibu na kaburi. Wewe ulifika ukiwa umevaa kandambili. Wanaosema umerithi kwangu hawajui wanachokisema. Lile daftari unaweza kuwa umelirithi. Ule moyo sikuwa nao, kwa hiyo sikuwa na wa kukupa.

Huko chuoni watakufundisha mengi ambayo sitayaelewa ukinieleza, na unieleze hivyohivyo. Watakuwepo wenye vyeti vinavyojaza ukuta. Wengine watakuwa wepesi kuliko wewe, na utaona haya kuuliza. Nakuomba tu ukumbuke kwamba baba yako aliona haya kuuliza kwa siku moja, akaishi nayo miaka. Na ukikosea, maana utakosea, nenda ukaseme siku ile ile. Siku ya kwanza inauma kidogo tu. Kuanzia ya pili unakuwa mtu mwingine, na kumrudisha yule wa kwanza ni kazi ngumu sana.

Nilikuwa nataka kuandika na mengine. Nilitaka kukueleza habari ya nyanya yako, na kwa nini tulikuita Zainabu. Lakini nimekuwa nakusikia muda wote huu hapo nje, wewe na mama yako na shangazi yako mnamnyonyoa kuku, mnacheka kitu ambacho sikukishika vizuri, umesema kitu na mama yako amekurushia manyoya. Nimekaa humu ndani nakuandikia kama mtu aliyekwisha kwenda, na wewe bado uko hapa, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu.

Naweka kalamu chini. Nakuja uani.

Baba yako anayejivunia,
Rajabu